Kaka Yangu na Ukuta wa Makontena

Siku tuliyomzika kaka yangu, watu walisimama mmoja mmoja wakasema alikuwa mpole, mchapakazi, mtu wa familia, mcha Mungu. Yote ni kweli, ila hilo la mwisho lina maelezo yake, maana kaka alikuwa na kawaida ya kusinzia mahubiri yakianza, na ukimgusa kwa kiwiko anakujibu kwamba anasikiliza kwa ndani. Nilikaa mbele na wifi yangu, macho yametuvimba, nikisubiri angalau mtu mmoja autaje ule ukuta. Hakuna aliyeutaja. Nadhani waliona si jambo la kusemwa mbele ya jeneza. Mchungaji akafunga kwa sala, tukatawanyika, nami nikarudi nyumbani nikiona kama tumemzika nusu. Nusu iliyobaki ndiyo nataka kuiandika hapa, na Mungu anisamehe pale nitakapocheka.

Kaka alikuwa mtu wa mwili. Akikaa kwenye kochi, sisi wengine tunatafuta viti. Alikuwa dereva wa mashine ya kunyanyulia makontena bandarini, ile yenye magurudumu yanayompita mtu kimo na mkono mrefu mbele unaopanda hadi juu. Wenyewe waliiita Mkonga. Kazi yake ilikuwa kuokota kontena, kulibeba na kulipanga juu ya mengine, ghorofa juu ya ghorofa. Madereva wengine waliyabwaga kwa kishindo mpaka mbwa wa walinzi wanabweka. Kaka aliliteremsha kontena kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, hulisikii likigusa. Ndiyo maana wenzake walimwita Unyoya. Mtu asiyemjua akilisikia jina hilo, halafu akamwona mwenyewe anashuka ngazi kwa kurudi nyuma na mashine nzima inainuka kama imepumua, ilikuwa lazima acheke.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko juu ya bandari. Nasema yetu kwa sababu niliishi nao tangu wazazi wetu walipofariki, na wifi hakuwahi hata siku moja kunifanya nijione mgeni. Mbele kuna kibaraza, na kibarazani ilikaa cherehani ya wifi, aliyekuwa anashona sare za shule. Ukikaa pale unaona mji unashuka, bati juu ya bati, mpaka kwenye uzio wa bandari, halafu uwanja wa makontena, halafu maji. Upande uliotuelekea sisi ulikuwa wa makontena matupu. Kwa miaka mingi hatukuyatazama. Nani anatazama masanduku?

Wakati mambo yalipokuwa mazuri, meli zilipanga foleni nje ya bandari kama wagonjwa wa kliniki. Kaka alirudi ananuka dizeli, anakula, analala kijiko kikiwa bado mkononi. Halafu uchumi ukadorora. Mimi si mtaalamu wa mambo hayo; nilimaliza sekondari nikaishia hapo. Ninachojua ni kwamba kwanza meli zilipungua, kisha tukaanza kuzitambua moja moja kwa sura, kisha zikapita siku tunaangalia maji matupu. Watu hawanunui, basi hakuna cha kuletwa; hakuna cha kuletwa, basi hakuna cha kubebwa. Hata sare za wifi hazikutoka, maana wazazi waliamua kushusha mapindo ya zamani, na watoto wakaenda shule na mistari kwenye magoti. Kilichozidi kuongezeka ni makontena matupu tu. Hakuna aliyeyahitaji popote duniani, kwa hiyo yakakaa kwetu.

Hapo ndipo alipoletwa meneja mpya kutoka makao makuu. Alikuwa mrefu, mwembamba, amenyooka, anatembea kama anapima sakafu. Kabla ya chakula cha mchana cha siku yake ya kwanza walishampa jina: Rula. Lakini tusimwonee, hakuwa mtu wa kuficha. Aliwakusanya madereva akawaambia kwamba kila mashine ina mita ndani inayohesabu muda injini inafanya kazi, na makao makuu wanaisoma hiyo mita. Mashine itakayokaa kimya itauzwa, na dereva wake ataenda nayo. Hakumaanisha ataenda nayo mahali fulani. Alimaanisha atamwaga unga.

Ofisi yake ilikuwa ghorofani na ina dirisha kubwa. Kila asubuhi alisimama pale na kikombe chake, anatazama nani anatembea na nani amelala.

Sasa fikiria hali yao. Mashine isinyamaze, na kazi hakuna. Basi madereva wakaanza kuhamisha makontena matupu. Asubuhi wanayatoa upande huu kuyapeleka ule, mchana wanayarudisha. Mchezo huo waliuita kufagia. Nilipousikia roho yangu ilikosa raha, nikamuuliza kaka kama huo si uongo. Yeye alipenda kuniita Mtume, kwa sababu ya kunikuta kila mara nimepiga magoti.

"Mtume," akaniambia, "mimi nanyanyua, nashusha. Uongo uko wapi hapo?"

Nikamwambia Mungu anaona. Akasema Mungu wala hamtishi, maana anajua hali. Wa kutisha ni Rula. Nikaliombea jambo hilo kwa siku kadhaa na sikupata jibu, nikachukulia kwamba Mungu naye anasubiri kuona litakavyokwenda.

Tatizo la kaka ni kwamba hakuweza kufanya kitu kisicho na maana. Ni mtu aliyekuwa anakunja soksi zake. Alisema kuhamisha kontena bila sababu kunamwasha mwili mzima, kama amevaa shati la gunia. Kwa hiyo akaanza kujitafutia sababu: nyekundu akaziweka na nyekundu, bluu na bluu. Basi. Ilikuwa ni kuupa mkono wake kitu cha kufikiria.

Wifi alikuwa amekaa kwenye cherehani yake hana cha kushona. Akainua macho, akaona mstari mwekundu uwanjani uliokuwa haupo jana. Alingoja mpaka jioni, kaka alipokaa mezani. Akamuuliza ile ni nini. Kaka akajitia hamnazo, akasema yametokea tu. Wifi akamsogezea sahani.

"Nyekundu haikai na kahawia, Baba Mapacha," akasema. "Zinagombana. Hata kwa macho ya mbali zinagombana."

Kesho yake kahawia ilikuwa imehamishwa. Na hivyo ndivyo ilivyoanza.

Wiki hiyo ilikuwa mistari. Iliyofuata yakawa maboksi maboksi kama ubao wa drafti. Halafu wifi akataka pindo, kwamba hakuna nguo ya maana isiyo na pindo, na kaka akazungushia kijani pande zote. Jioni walikaa kibarazani wanabishana kama wachumba. Mapacha wao walifundishwa kukaa kimya na kuacha wazazi wafanye kazi. Mimi nilipoulizwa maoni nilisema kontena jeupe lingefaa katikati, kwa sababu ya usafi, na kaka akaniwekea jeupe langu, ingawa lilikuwa moja tu na lina kutu.

Jirani yetu Mama Saluni ndiye aliyeutangaza. Saluni yake ilikuwa na dirisha linalotazama chini, na wateja wake walikaa pale wamefungwa vitambaa vichwani hawana pa kuangalia ila huko. Alianza kuwaambia kwamba ule ukuta unabadilika, na kwamba anajua ni nani. Baada ya muda wakawa wanakuja watu wasio na nywele za kusukwa. Mwenye duka la kona alikuja akaapa kwamba ameona samaki. Hapakuwa na samaki. Kaka aliposikia alifurahi sana, akasema basi kesho atamwekea jicho, asionekane mwongo mbele ya watu. Na akaliweka. Kwa hiyo ile wiki mpaka leo inaitwa wiki ya samaki, na tangu hapo mteremko mzima ukawa unaamka na kutazama chini kwanza, kabla ya kuosha uso. Watu waliokuwa hawana kazi, na walikuwa wengi, walipata cha kuzungumza ambacho si shida.

Bandarini alikuwepo mwanamama tunayeimba naye kwaya, sauti ya pili. Huyo alikuwa karani wa uwanja. Kazi yake ilikuwa kujua kila kontena limekaa wapi, maana makontena hata yakiwa matupu yana wenyewe: kila kampuni ya meli ina ya kwake, na ya kila kampuni yana sehemu yake. Alimwonya kaka mapema kwamba anachanganya mali za watu. Kaka akamwahidi kumwambia kila analolihamisha, na mwanzoni alimwambia kweli. Lakini wote walikuwa wanafagia, Mikonga yote, kutwa nzima, na Karani ni mtu mmoja. Akawa anasema atarekebisha wiki ijayo. Wiki ijayo ikija anasema hivyo hivyo. Na kwa kuwa meli hazikuja, hakuna aliyeuliza.

Kosa lenyewe lilikuwa kwenye rangi ya chungwa. Kulikuwa na kampuni moja ambayo makontena yake yalikuwa ya rangi hiyo, mapya kidogo, yanang'aa. Wifi aliyapenda mno. Nyumbani tuliyaita machungwa tu. Hakutaka yakae pamoja hata mara moja. Alisema rangi kali inatiwa kidogo kidogo, kama uzi wa kudarizi. Basi kaka akayatawanya ukuta mzima, moja hapa, moja kule juu. Na wiki ambayo wifi hakuyataka, kaka aliyaficha nyuma ya mengine. Wiki ikipita anasahau ameyaficha wapi, anachukua yaliyo karibu. Mwishowe machungwa yale yalikuwa kila mahali na hayapo popote.

Halafu ikaja habari kwamba kampuni hiyo inaleta meli.

Haikuja kuleta kitu. Ilikuja kuchukua machungwa yake yote, yanahitajika kwingine. Lakini nyuma ya hilo kulikuwa na kubwa zaidi, na bandari nzima ililijua: kampuni ilikuwa inachagua bandari moja ya kubaki nayo, kati ya yetu na nyingine iliyoko mbali pwani hiyo hiyo. Meli hii ikihudumiwa vizuri, zitakuja nyingine. Ikihudumiwa vibaya, hakuna haja tena ya kuhesabu saa za mashine. Kaka alipotuambia hayo mezani alikuwa amekaa mbele ya sahani iliyojaa, hajaigusa. Wifi akasema atakuwa anaumwa. Kaka akasema haumwi, anawaza kuhusu machungwa.

Meli iliingia asubuhi, na ilitakiwa kuondoka mchana huo kabla maji hayajapwa. Karani alifungua kompyuta yake, ikamwonyesha kwamba makontena ya kampuni ile yako karibu na uzio. Wakaenda karibu na uzio. Wakakuta kijani tupu. Rula akaagiza Unyoya aitwe ofisini.

Yaliyosemwa mle nimeyapata kwa Karani, ambaye alikuwa amesimama pale kaishika meza kwa mkono. Hakuwa na namna ya kujitetea, maana kompyuta ilikuwa yake. Kaka angeweza kusema kwamba yeye hupeleka kontena anapoambiwa, na kama limepotea waulizwe wenye kuandika. Neno hilo tu. Karani anasema alilisubiri, alishaanza hata kulisamehe.

Rula akauliza makontena ya chungwa yako wapi.

"Yako ukutani, bosi," kaka akasema. "Nimeyatawanya mimi."

"Kwa nini?"

"Yalikuwa yanapendeza."

Rula akakaa. Karani anasema ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona amejikunja. Akamuuliza kaka kama anajua yeye Rula aliwaambia nini makao makuu mwezi uliopita. Kaka hakujua. Basi Rula, akitazama dirishani, akasema kwamba aliwaambia ameanzisha utaratibu mpya wa kupanga makontena kwa rangi, na kwamba walimsifu, na kwamba walimpigia simu kumsifu.

Kaka akafikiri, akasema kwa heshima zote kwamba utaratibu ni mzuri, ila hausaidii kutafuta kontena.

Karani aliuma ulimi asicheke, na machozi yakamtoka. Rula hakucheka. Alisimama, akanyooka tena, akamwambia kaka maneno ambayo kaka aliyarudia nyumbani mpaka tukayajua kwa moyo.

"Meli hii ikiondoka na mzigo wake kabla maji hayajapwa, mimi nitakuwa na utaratibu. Isipoondoka, nitakuwa na jina lako, nalo ndilo nitakalowapelekea."

Kaka akashuka, akapanda kwenye Mkonga. Na hapo akagundua jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: dereva hauoni ukuta. Anaona kontena lililo mbele ya pua yake, na la juu yake, na mbingu kidogo. Machungwa ya nje aliyaokota haraka. Ya ndani, aliyoyazika yeye mwenyewe, hakujua aanzie wapi.

Simu ya wifi ikalia kibarazani.

Nilikuwepo. Wifi aliitikia kwa kawaida, akauliza kama amesahau chakula. Halafu akasimama, na pini alizokuwa ameuma midomoni zikaanguka moja moja. Kaka alikuwa anamuuliza yale aliyoyakataa waliyaweka wapi. Kwa sababu wifi, kutoka juu, aliuona ukuta ukijengwa kila siku, safu juu ya safu, na alikuwa ameutazama kama mtu anavyoitazama nguo yake mwenyewe kwenye mashine.

Nilianza kusali. Nilifumba macho, nikaweka mikono pamoja.

"Wifi," akaniambia, "sali macho wazi. Nisaidie kutafuta."

Basi nikasali macho wazi. Mama Saluni akasikia, akatoka na kitana mkononi, na nyuma yake wateja wake, mmoja amesukwa nusu kichwa. Mwenye duka akafunga duka. Kibaraza kilijaa. Kule chini tuliona Mikonga mingine inakuja, madereva waliokuwa zamu ya mapumziko wamekuja bila kuitwa, mmoja na ndala miguuni, tulivyokuja kuambiwa, na msimamizi akamfukuza akavae viatu vya kazi.

Wifi alimwongoza kaka kwa sauti ile ile aliyoitumia walipohamisha kabati la chumbani. Nyuma ya ile bluu chakavu. Si hiyo, nyingine. Panda juu. Unaenda wapi wewe, nimesema kulia. Kulia kwangu mimi au kwako? Kulia kwa bandari. Bandari haina kulia, kaka akajibu, na kibaraza kizima kilisikia. Mama Saluni akaapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba kwenye wiki ya samaki kuna machungwa yalilala chini ya mkia. Wifi akasema siyo. Mama Saluni akasema ndiyo. Wakapafungua pote palipokuwa mkia, kontena baada ya kontena, wakakuta kahawia mpaka chini. Mama Saluni akasema basi ilikuwa wiki nyingine, na wote wakarudi kutazama chini, maana muda ulikuwa unakwenda na kila mmoja pale alikuwa na mtu bandarini, mume au mtoto au mdogo wake.

Mara ya pili tulipotea kwa kosa la wifi mwenyewe. Aliwapeleka chini ya pindo la kijani, akakumbuka katikati kwamba pindo lile lilishahamishwa. Alikaa chini kwenye kiti cha cherehani, akashika kichwa, akasema ameua kazi ya mume wake kwa ajili ya urembo. Kaka alimsikia kwenye simu. Sijui alimwambia nini, wifi hajaniambia mpaka leo, na sasa sitamuuliza tena. Ninachojua ni kwamba alisimama, akafuta uso kwa tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni, akasema polepole: nyuma ya jeupe la Mtume. Lile lenye kutu. Tuliyapanga pale yote yaliyobaki, kwa sababu nilitaka hilo jeupe likae peke yake.

Wakalitoa jeupe langu. Nyuma yake palikuwa na machungwa, machungwa matupu, safu nzima imelala kivulini kama ilikuwa inatungoja. Watu walishangilia kibarazani mpaka mapacha wakaamka usingizini. Mimi nilimshukuru Mungu kwa nguvu, na mteja mwenye nusu kichwa akaitikia amina.

Meli iliondoka maji yakiwa yanaanza kupwa. Tuliiona inageuka taratibu, machungwa juu ya mgongo wake. Baadaye tuliambiwa kwamba yapo mengine machache hayakupatikana, na nahodha alikuwa amechoka, akasema yatosha. Lakini kibarazani hatukulijua hilo. Hatukujua pia kama "yatosha" ya nahodha ni "yatosha" ya Rula. Simu ya kaka ilikuwa imezima. Majirani wakaondoka mmoja mmoja, kwa heshima, kama watu wanaotoka msibani, na wifi akabaki amekaa. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa. Akifungua mdomo inatoka hewa.

Kaka alirudi jua likiwa limeshuka. Alipita mlangoni akiwa mdogo kuliko kawaida, kama amepunguzwa pande zote. Wifi akamtazama, akamuuliza kwa mkono, akigeuza kiganja juu.

"Nipe maji kwanza, Mama Mapacha."

Akampa. Alikunywa yote. Halafu akasema Rula alishuka mwenyewe uwanjani, akatembea mbele ya ukuta uliobomoka, wenye mapengo kila mahali, na madereva wote wamesimama na jasho lao. Akawauliza walikuwa wangapi kwenye zamu leo. Msimamizi akasema zamu ilikuwa ya nusu yao. Akauliza hao wengine walikuja kufanya nini. Rula akasema kuanzia Jumatatu hakuna mashine ya kuuzwa, ila kila mashine itakuwa na watu wawili, huyu siku hizi, yule siku zile, na mshahara utagawanywa kama zamu zitakavyogawanywa, mpaka meli zirudi. Anayeona haifai aseme. Hakuna aliyesema. Kisha akamgeukia kaka, akamwambia kuanzia sasa kila kontena kwa mwenyewe, na Karani alale akijua liko wapi.

"Kwa hiyo?" nikauliza mimi, maana wifi hakuweza.

"Kwa hiyo nina kazi nusu, Mtume."

Wifi akampiga begani kwa tepu ya kupimia, mara moja, halafu ya pili. Kisha akakaa karibu yake kwenye kochi, mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya mtu wa pili, akajipenyeza mpaka ikapatikana. Kaka akaanza kumweleza jinsi ile safu ya mwisho ilivyoonekana kutoka kwenye Mkonga, alipolitoa kontena jeupe, na wifi akawa anacheka bila sauti, mabega yanatikisika. Nusu ya mshahara isingetosha, na wote wawili walijua. Walikuja kuishi nayo muda mrefu, wifi akishona na kaka, siku zake za nyumbani, akifumua mapindo kwa vidole vile vinene, anachoma vidole na kulalamika. Meli zilirudi baadaye, chache chache. Alifanya kazi bandarini hadi mwaka huu, moyo wake ulipoamua yatosha.

Jioni ile niliwaacha kwenye kochi nikaenda chumbani kwangu kushukuru. Nilipiga magoti nikitafuta maneno mazuri, ya kanisani, na hayakuja. Lililokuja ni asante, peke yake. Nikasema hilo hilo mpaka nikasikia wamezima taa sebuleni.

Siku hizi sala zangu ni ndefu, na zimejaa maswali kuliko shukrani. Mchungaji ananiambia si dhambi. Nikichoka na maswali narudi kwenye jioni ile, na kila nikirudi napata asante moja ya kusema. Leo nimeisema nikiwa naandika.